Nafasi Yako Haipigwi na Mwingine

“Ngoma ya watu ni ya watu, Zai. Ukizaliwa nje yake utaipigia makofi mpaka uzeeke, lakini kuingia huingii.”

Hayo ni maneno ya mjomba wako Shabani, leo mchana, mbele ya sinia la pilau ya kukuaga, paja la kuku mkononi. Ulikuwa umeuliza swali dogo tu, kama huko Sumbawanga unakokwenda kuanza kazi utapata watu wa kupiga nao ngoma. Ukajibiwa hivyo, ukacheka, ukasema, “Basi mjomba, mimi itakuwa maabara na chumba, chumba na maabara.” Watu wote mkekani wakageuka kunitazama. Walikuwa wanangoja vita. Wananijua. Mwanamke aliyebishana na mtangazaji hewani mpaka wakaweka wimbo ili anyamaze, atashindwaje kumjibu kaka yake mwenyewe? Mimi nikasema, “Nani hajapata kachumbari?”

Usidhani nilikubali. Nilikutazama wakati unacheka, na kile kicheko nakijua. Ulirudi nacho kutoka Iringa. Nikaona kwamba nikimjibu Shabani pale pale, tutakuwa watu wawili wanaorushiana maneno juu ya kichwa chako, na wewe utaondoka na kicheko chako vilevile. Kwa hiyo namjibu hapa, na nakujibu wewe. Begi limefungwa, halinihusu tena. Habari za kula vizuri, kuvaa sweta na kutokopesha watu, bibi yako ameshazisema zote, nyingine mara mbili.

Kwanza hoja yenyewe. Shabani anadai mtu huzaliwa na ngoma yake. Uongo. Hapa Ipagala nimeona watoto waliobebwa mgongoni na mama zao huku ngoma zinapigwa, wakalala na kuamka ndani ya mdundo huo, na leo wakiusikia wanafunga dirisha. Damu haikuwafundisha kitu. Na namjua mtu aliyezaliwa katikati ya mji, katika nyumba ambayo muziki wake ulikuwa kaswida na redio ya baba, akaingia ngoma ya Wagogo akiwa mtu mzima, ameachika, na mtoto kiunoni. Mtu huyo ndiye anayekuandikia. Shabani analijua hilo, amelishuhudia kwa macho yake, na bado anarudia maneno yaleyale kila mwaka. Nimejiuliza sana kwa nini. Jibu nimelipata, lakini si kwa kumchunguza yeye.

Wewe huwezi kukumbuka vizuri tulivyohamia huku. Ulikuwa na miaka minne. Baba yako alikuwa ameoa kwingine, na mimi niliondoka na kitanda, vitabu vyangu na wewe. Bibi yako alitaka turudi nyumbani kwake mjini, kwenye vile vyumba vinavyotazamana, ambako kila anayepita koridoni anajua umepika nini. Nilikataa kwa kiburi. Nikapanga vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga. Mtaa ulikuwa mpya, nyumba nyingi hazijapigwa lipu, na upepo wa Agosti ulikuwa unaingiza vumbi jekundu mpaka ndani ya kopo la chumvi. Mimi nilikuwa yule Mwislamu wa mjini anayesoma magazeti mlangoni. Nilisalimia watu, ndiyo, lakini nilisalimia kama abiria anayengoja gari.

Jumamosi jioni, mashine ilipozimwa, ngoma zilianza. Wanawake saba au wanane, wamesimama, kila mmoja ameibana ngoma yake kati ya magoti, wanapiga kwa viganja. Muheme. Nimezaliwa Dodoma na nilikuwa nimeuona muheme mara nyingi, lakini siku zote ulikuwa unapigwa kwa ajili ya mgeni wa serikali, juani, na wapigaji wakimaliza wanapewa soda ya moto na kurudishwa kwenye lori. Nimeandika makala ngapi za hasira juu ya soda ile! Lakini sikuwahi kuwaona wanawake hao wakijipigia wao wenyewe. Ni jambo jingine kabisa. Walikatishana kwa vicheko. Mmoja akikosea, wenzake wanamwimbia kosa lake, kisha wanaanza upya. Mtoto akilia, mama yake anamnyonyesha bila kuiachia ngoma. Sauti zilikuwa zinapandana, moja inaingia mahali ambapo nyingine imetoka kuvuta pumzi, na mimi niliyekuwa nimesoma vitabu vingi sikuweza kujua wimbo mmoja unaishia wapi.

Nikakushika mkono tukaenda kusimama pembeni. Jumamosi iliyofuata tukaenda tena. Ya tatu, kiongozi wao, Perisi, yule mrefu aliyekuwa anauza mlenda mkavu sokoni, aliinua mkono, ngoma zikakatika.

“We mama wa magazeti! Umetumwa kutukagua?”

“Nasikiliza tu, dada.”

“Kusikiliza gani huko umenuna? Njoo huku.”

“Mimi siyo Mgogo.”

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mama Foibe, ambaye ukuta wake na wetu ulikuwa mmoja, akasema, “Hilo tumeshaliona, mwenzetu. Nani kakuuliza kabila? Umeitwa.”

Unajua nilifanya nini? Nilianza kuwaeleza. Nilisimama mbele ya wanawake waliokua na muheme, nikawaeleza muheme ni nini, ulianza wapi, ulikuwa wa unyago, na jinsi unavyoharibiwa na siasa. Nilihutubia hasa. Perisi alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima zote.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Haya. Bana hii.” Akanisogezea ngoma ndogo, ya tatu kutoka kwake.

Kazi yangu ilikuwa pigo moja. Perisi anaita, wa pili anaitikia, mimi natia pigo langu, halafu wengine wanamwagika. Pigo moja tu, Zai, na lilinichukua miezi. Nilikuwa nalipiga kwa hoja. Nilikuwa nalipiga mapema, kama ninavyomkatiza mtu kwenye mjadala, kwa sababu nimeshajua anakokwenda. Mama Foibe alikuwa ananigonga kiwiko: “Ngoja. Mwache amalize. Ngoja.” Hakuna mhariri aliyewahi kunifundisha hivyo.

Sasa sikia kosa langu, maana ulipokuwa mdogo nilikusimulia nusu yake tu. Unajua ngoma haipigwi kabla ya kuota moto. Ngozi ikilegea sauti inakuwa kama unapiga godoro, kwa hiyo kabla ya kuanza huwashwa moto wa nyasi na mabua, ngoma zinaelekezwa huko, na mtu anakaa anazigonga moja moja, anazigeuza, anazisikiliza zimefika wapi. Ni kazi ya zamu, ya kupiga soga. Mimi nilitaka kuonyesha kwamba sasa ni mwenzao. Siku moja nikawahi kabla ya wote, nikawasha moto, nikazipanga zote. Mabua niliyaona kama mchezo, hayakawii kuisha. Nikaenda nyumbani nikaleta mkaa. Nikakaa pale ninajipongeza. Ngoma ya Mama Foibe ililia mara moja, ta!, kama mtu amevunja ubao. Ngozi ilipasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Alichongewa na marehemu baba yake, huko Mlali.

Alipofika aliishika, akapitisha kidole kwenye ule mpasuko, akaiweka chini. Perisi ndiye aliyesema, taratibu, “Mama Zai, haraka ya nini? Moto huu ni wetu wote.”

Nilirudi nyumbani nikakulaza bila kukuogesha. Kesho yake Shabani alikuja kututazama, nikamsimulia, na ndipo aliposema kwa mara ya kwanza maneno uliyoyasikia leo. Ngoma ya watu ni ya watu. Na mimi, dada yake ambaye hatujawahi kukubaliana hata juu ya rangi ya geti, nilimwambia, “Ni kweli, kaka.”

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Hoja ya Shabani ni tamu. Ni mto wa kulalia. Ukishaikubali, huhitaji kurudi pale mashineni kutazamana na mwanamke uliyemharibia ngoma ya baba yake. Huhitaji kusema nisamehe. Unasema tu, “Kwani mimi ni wa kule?” na mlango unafungwa kutoka ndani, na wewe unajionea huruma ukidhani umefungiwa nje. Nimekutana na watu wengi wenye hoja hiyo tangu siku ile, wasomi kwa wasiosoma, wanaoipamba kwa kabila, kwa dini, kwa umri. Ukiwauliza vizuri, wengi wao kuna mahali walikosea mara moja wakaona aibu kurudi.

Jumamosi iliyofuata sikwenda. Nilifunga dirisha. Ngoma zikaanza, na mara nikasikia wimbo hauko sawa. Perisi akaita, wa pili akaitikia, halafu kimya. Kimya kifupi, cha pigo moja. Kisha wengine wakamwagika. Wakazunguka, wakarudi palepale, kimya tena. Nikajua wananikejeli. Damu ilinipanda. Nilimngoja Mama Foibe arudi, nikamdaka mlangoni kwake.

“Mnanifanyia dhihaka, siyo?”

“Mbukwa kwanza, jirani, tusalimiane. Dhihaka gani?”

“Pale pangu. Mnapaacha wazi makusudi.”

“Ndiyo tunapaacha. Kwani si pako?”

“Si mpige! Mko wengi, mtu yeyote anaweza kupiga pale.”

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa shati nyuma mbele. “Asiyekuwepo tunamwachia pake. Perisi alipojifungua tulipiga vivyo hivyo, wimbo kibogoyo, mpaka aliporudi. Mahali pa mtu hapapigwi na mwingine.”

“Na ngoma yako?”

“Ngoma yangu utanibebea. Keshokutwa tunakwenda Mlali kwa kaka yangu akaivishe ngozi. Ulidhani utaachwa hivihivi?”

Tulikwenda, wewe mapajani kwangu na ngoma mapajani kwako. Kaka yake alikuwa anapura mtama uani. Aliitazama ngoma, akanitazama mimi. “Ndiye huyu mchoma ngoma?” “Ndiye,” akasema Mama Foibe, kwa fahari, kana kwamba ananitambulisha kwa cheo. Jina likanasa. Unakumbuka wanawake wakikuita Binti Mchoma, na wewe ukidhani ni ukoo. Nimeitwa majina mengi na watu wenye vyeo, mengine kwa maandishi, na hakuna lililowahi kunifurahisha kama hilo. Mtu asiye wako humtanii. Unamstahi na kumkaribisha chai.

Bibi yako alipopata habari alikuja na ushungi umekazwa. “Umebana ngoma katikati ya magoti, binti yangu, mbele za watu?” Nikambishia mpaka sauti ikakauka, na sikumshinda. Kilichomshinda ni wewe. Alikuja kukuchukua Jumamosi moja, akakukuta umekalia ndoo, una kopo la maziwa limebanwa magotini, unapiga, na Perisi anakuitikia. Akakaa kwenye kiti cha mwenye mashine “kwa dakika moja.” Giza liliingia amekaa.

Naukumbuka ule wakati kwa uchungu wa kitu kizuri. Umeme unakatika, hakuna anayejali. Vidole vyako vinagonga meza wakati wa hesabu mpaka nakufokea. Siku uliyorudi kutoka shule umefura kwa sababu wenzako walikuimbia ule utani wa kijinga wa nchi hii juu ya Wagogo na kuombaomba, na wewe huna hata tone la Ugogo. Nilikuuliza uliwajibu nini. Ulisema, “Nimewaambia sisi tunapiga ngoma, nyinyi mnapiga domo.” Sisi! Nilikwenda jikoni nikalia nikisingizia kitunguu. Nilikuwa nimebishana maisha yangu yote ili niwe na haki ya kusema neno hilo, na wewe ulilitamka huku unavua viatu.

Halafu ukaenda chuo Iringa, na hapa sina wa kugombana naye isipokuwa mimi mwenyewe.

Nilikuwa nakupigia simu kila jioni. Kila jioni, Jumamosi pia. Ulikuwa unanisimulia mwalimu gani kasema nini, umekula nini, nani kaiba sabuni ya nani. Nilikuwa natamba mbele ya akina Perisi: mwanangu hanifichi kitu. Sikujiuliza msichana wa miaka ishirini anapataje saa nzima ya mama yake kila jioni. Ulikuwa chumbani, Zai. Ulikuwa unaningoja mimi. Nami nilikuwa napenda uningoje.

Mwaka wa pili ukaniambia, “Mama, kuna wasichana wa bweni letu wana kikundi cha kuimba. Wameniita.” Nakumbuka sauti yako ilivyokuwa juu juu. Nikauliza, “Cha kanisani?” Ukasema ndiyo, lakini wanaimba tu pale bwenini. Na mimi nikaanza kueleza. Nilieleza bibi yako atajisikiaje. Nilieleza jinsi kinanda kimoja cha umeme kinavyoua sauti kumi. Nilieleza kwamba wewe una ngoma yako ya nyumbani, kwa nini ujipeleke kwenye mambo yasiyo yako. Nilizungumza vizuri sana. Uliposema “Basi, mama, sitaenda,” nilihisi nimeshinda mjadala, na kabla sijalala nilikuwa nimeshausahau.

Tangu mchana wa leo nimekuwa najaribu kukumbuka neno moja katika hotuba ile ambalo Shabani asingelisema. Silipati. Tofauti yetu ni kwamba yeye alilisema na paja la kuku mkononi, ukacheka. Mimi nililisema kwa hoja, ukanitii.

Ulirudi mwembamba, mkimya, na kicheko kile cha kufunga mazungumzo. Jumamosi zikafika, ukasema umechoka. Mimi nilisema moyoni kwamba ni masomo. Nilikusemea badala ya kukuuliza, kwa sababu kuwasemea watu ndiyo kazi yangu.

Kwa hiyo sikiliza, na safari hii nitajitahidi nisihutubie. Ngoma yako, ile iliyochukua nafasi ya kopo la maziwa, iache hapa. Najua umeitoa juu ya kabati jana ukaifuta, ukairudisha. Umefanya vizuri kuirudisha. Ukienda nayo utakwenda kuonyesha, na mtu anayeonyesha hapewi kitu. Nenda mikono mitupu.

Sijui Sumbawanga wanapiga nini. Nimesoma mengi kuhusu nchi hii lakini hilo silijui, na nisingependa kujifanya najua. Pengine ni kwaya. Pengine ni vijana wenye kinanda kimoja kibovu nyuma ya saluni, na nyimbo zao zitakukera. Pengine ni wanawake wa mavuno. Usichague kwa masikio niliyokupa mimi. Tafuta mahali ambapo wanaopiga wanacheka wenyewe kwa wenyewe, usimame pembeni. Watakuita. Si siku ya kwanza, lakini mtu anayesimama pembeni mara tatu huitwa, hata kama ni kwa kutaniwa. Ukiitwa, usiseme wewe siyo wa huko. Wanaliona. Usiwaeleze kwenu wanafanyaje. Subiri mwenzako amalize ndipo utie lako. Na utakapoharibu kitu, maana utaharibu, uwe umerudi Jumamosi inayofuata. Mimi ningepoteza yote haya kwa kukaa ndani Jumamosi moja, na hata hiyo nilitoka kwa hasira tu, siyo kwa busara.

Shabani, najua unaisoma barua hii. Wewe ndiye utakayembebea begi stendi, na hujawahi kubeba kitu cha mtu bila kuchungulia. Maneno uliyosema leo yafute mbele ya mpwa wako kabla basi halijaondoka. Mwambie umekosea. Usiseme kwa ajili yangu, mimi nimeshakuzoea.

Na wewe, Zainabu, ninadai kitu kimoja tu. Jumamosi yako ya kwanza kule, jua likianza kuinama, ondoka chumbani. Mimi nitakupigia simu jioni hiyo. Nimejaribu kujiapiza kwamba sitapiga, lakini najijua. Nitapiga, itaita, nitapiga tena.

Usipokee.

Mama yako,
Ipagala